Kambi ya Redio ya Ridhaa: Mwongozo kwa Klabu Zinazopokea Vijana

Redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayotambuliwa na kanuni za kimataifa za redio, ambamo watu waliopewa leseni hurusha na kupokea mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio ya kiufundi na kuzungumza wao kwa wao, bila malipo na bila kutangaza biashara. Vyombo vyake ni vya ukoo mmoja na ile iliyozoeleka Tanzania kwa jina la simu ya upepo, ambayo kwa miaka mingi iliunganisha vituo vya polisi, misheni na hospitali zilizo mbali na barabara. Tofauti ni kwamba mwanaridhaa hafungwi kwenye masafa mawili matatu aliyopangiwa, bali huruhusiwa kutembea ndani ya bendi nzima, yaani kipande cha masafa kilichotengwa kwa matumizi hayo, na hata kujiundia antena au redio yenyewe.

Mwongozo huu unahusu tukio moja katika maisha ya klabu, nalo ni zile siku mbili za mwisho wa juma ambazo vyombo hutolewa nje ya nyumba, huwekwa chini ya hema uwanjani na kuendeshwa kwa betri, huku vijana ambao hawajawahi kushika kipaza sauti wakialikwa kushiriki. Desturi yenyewe ni kongwe. Nchini Marekani chama cha wanaridhaa, ARRL, kimekuwa kikiandaa Field Day kila mwaka tangu 1933, isipokuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanuni zake za siku hizi zinaruhusu kituo cha ziada kilichotengwa kwa wageni na wanagenzi. Kwa upande wa maskauti, wazo lilizaliwa katika jambori ya mwaka 1957 iliyofanyika Sutton Park, Uingereza, ambako Leslie Mitchell, mwanaridhaa aliyejulikana hewani kwa alama ya G3BHK, alipendekeza maskauti wa nchi mbalimbali wakutane kwa redio, na mwaka uliofuata likafanyika tukio la kwanza la Jamboree on the Air, linalojulikana kwa kifupi kama JOTA. Siku hizi hufanyika mwisho wa juma la tatu la mwezi Oktoba. Kwa klabu ya Afrika Mashariki inayoanza kutoka sifuri tarehe hiyo ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu si mashindano, watu waliopo hewani siku hiyo wametayarishwa kuzungumza na watoto, na hakuna anayekasirika mgeni anaposita katikati ya sentensi.

Hoja inayoongoza kurasa hizi ni kwamba kambi ya namna hii hupimwa kwa muda ambao vijana walikaa kwenye kiti cha mwendeshaji, wala si kwa idadi ya mawasiliano yaliyoandikwa daftarini. Na kwamba kikwazo kikubwa kwa klabu ya eneo hili si kutosikika, bali ni kusikika kupita kiasi. Sababu yake itaelezwa mahali pake.

Leseni na vibali

Sheria hutangulia mlingoti. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na mdhibiti wa mawasiliano wa kila nchi, ambaye Tanzania ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na Uganda ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Pamoja na leseni mwanaridhaa hupewa alama ya mwito, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaomtambulisha hewani, ambao mwanzo wake hutaja nchi: 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 9X kwa Rwanda na 9U kwa Burundi. Nchi nyingi duniani humruhusu mtu asiye na leseni kuzungumza ikiwa mwenye leseni yupo hapo hapo na anabeba dhamana yote, lakini masharti hayalingani, na kwa sababu hiyo klabu inapaswa kumwandikia mdhibiti mapema, ikieleza mahali, tarehe, bendi zitakazotumika na majina ya wasimamizi, kisha isubiri jibu la maandishi. Jibu likiwa la kukataa kambi haifi, kwa kuwa kusikiliza, kujenga antena na kuandika daftari ni kazi zisizohitaji kurusha, nazo zinatosha kujaza siku nzima.

Barua ya pili ni ya mwenye uwanja, na ya tatu ni ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, nakala ikifika kituo cha polisi. Wapo watakaoona kuwa huko ni kuzidisha tahadhari. Lakini mlingoti wenye nyaya na watu wanaotamka herufi na tarakimu mfululizo hadi usiku huzua maswali, hasa karibu na mpaka, kambi ya jeshi au kiwanja cha ndege, na nakala ya leseni iliyobandikwa kwenye nguzo ya hema huokoa maelezo mengi. Ruhusa ya wazazi iwe ya maandishi, wasimamizi watu wazima wawe angalau wawili wakati wote, na malazi ya wasichana na wavulana yatenganishwe. Haya yanajulikana kwa kila anayelea vijana, hivyo hayahitaji kurefushwa.

Uwanja na antena

Uwanja mzuri si lazima uwe kilele cha mlima. Mawimbi mafupi, yaani yale ya masafa ya megahezi 3 hadi 30, hupanda angani, hupindwa na ionosfia, ambayo ni sehemu ya anga la juu iliyochajiwa na mionzi ya jua, kisha hurudi ardhini mbali na yalikotoka. Kwa ajili hiyo, kinachohitajika zaidi kwa bendi hizo ni utulivu wa umeme kuliko mwinuko. Chaja za simu, taa za LED za bei nafuu, televisheni na nyaya za umeme zenye vihami vilivyopasuka hutoa mvumo unaofunika sauti hafifu. Njia rahisi ya kuchunguza uwanja ni kutembea na redio ndogo ya kawaida iliyowekwa kwenye masafa ya kati mahali pasipo na kituo: inapoanza kukoroma, hapo si pa kujenga. Uchunguzi ufanyike jioni, majirani wakiwa wamewasha taa, kwa kuwa uwanja ulio kimya saa nne asubuhi unaweza kuwa na kelele nyingi saa mbili usiku.

Antena inayofaa kambi ya wageni ni dipoli, ambayo ni waya uliokatwa katikati na kulishwa hapo kwa kebo ya omu 50, mikono yake miwili ikiwa na urefu sawa. Urefu wake wote katika mita hupatikana kwa kugawanya 142.5 kwa masafa ya megahezi, na hivyo dipoli ya megahezi 14.2, katikati ya bendi ya mita 20, huwa na takribani mita 10, na ile ya megahezi 7.1, katika bendi ya mita 40, huwa na takribani mita 20. Hapa kuna fursa ambayo klabu nyingi huipoteza kwa kuleta antena iliyokwisha kutengenezwa. Vijana wapewe waya, futi kamba na kanuni, wakate kila mkono kwa ziada ya sentimita 15 hivi, wapandishe, kisha wapime.

Kipimo kinachotumika huonyesha uwiano wa mawimbi yaliyosimama, ambao wanaridhaa huuita SWR, nao hueleza ni kiasi gani cha nguvu kinakataliwa na antena na kurudi kwenye redio. Uwiano wa 1.5 kwa 1 ni mzuri, kwani kinachorudi ni takribani asilimia 4 tu. Wa 2 kwa 1 hurudisha asilimia 11 na bado unavumilika. Wa 3 kwa 1 hurudisha robo nzima, na redio nyingi za kisasa hujipunguzia nguvu zenyewe ili zisiungue. Tuseme antena yenye mita 10.34 imeonyesha uwiano wa chini kabisa kwenye megahezi 13.8 badala ya 14.2: vijana wazidishe 10.34 kwa 13.8 na kugawanya kwa 14.2, wapate mita 10.05, na kwa hiyo wapunguze sentimita 14 au 15 kila upande. Hesabu ya uwiano ambayo darasani ilionekana haina kazi hujibiwa hapo hapo na mshale wa kipimo, na hakuna hotuba ya mwalimu inayoweza kushinda jibu hilo.

Kwa mlingoti, mianzi mikubwa ya nyanda za juu inafaa sana kwa kuwa ni myepesi na haipitishi umeme ikiwa mikavu. Miti iliyosimama inafaa vilevile, na kamba hupitishwa juu ya tawi kwa kurusha chubwi la mvuvi lililofungwa kwenye uzi wa mshipi. Ni vyema juu ya mlingoti pawekwe kapi na kamba ya kupandishia, ile ambayo mabaharia wa pwani huiita henza, ili antena iweze kushushwa na kupandishwa tena bila kulaza mlingoti kila inapokatwa. Dipoli ya mita 40 iliyo mita 8 hadi 10 juu ya ardhi hutupa sehemu kubwa ya nguvu zake wima kuelekea angani, jambo ambalo vitabu vya masafa marefu hulilaumu, lakini kwa kambi hii ni faida, maana mawimbi hayo hurudi chini ndani ya umbali wa mamia machache ya kilomita na kuwakutanisha vijana na majirani zao wa nchi za jirani wakati wa mchana.

Mlingoti wowote usimamishwe mbali na nyaya za umeme kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake, ukipimwa kwa hatua wala si kwa jicho. Ncha za dipoli hubeba volti nyingi wakati wa kurusha na zinaweza kuunguza ngozi, kwa hiyo ziwe juu kuliko mkono wa mtu mrefu ulioinuliwa, na kamba za kuushikilia mlingoti zifungwe vitambaa vyeupe ili wanaokimbia usiku wasijikwae.

Umeme wa betri na umeme wa mawinguni

Redio ya wati 100 hula ampea 20 hivi inaporusha kwa kilele na moja au mbili inapopokea. Kwa kuwa sauti ya binadamu ina mapengo, wastani wa kurusha huwa chini zaidi. Klabu ikikadiria ampea 10 kwa dakika 20 za kila saa na ampea 1.5 kwa dakika 40 zilizobaki, itapata matumizi ya takribani ampea-saa 4.3 kwa saa. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kumalizwa zaidi ya nusu isije ikaharibika, itafanya kazi kwa saa 11 au 12, na nguvu ikipunguzwa hadi wati 50 muda utaongezeka bila anayesikiliza ng'ambo kutambua tofauti kubwa.

Kosa linalojirudia ni la nyaya. Waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, ukiwa na urefu wa mita 5 kutoka betri hadi redio hupoteza volti 1.4 kwa ampea 20, kwa kuwa mkondo huenda na kurudi. Betri yenye volti 12.6 hufika kwenye redio ikiwa na 11.2, na redio hukoroma au kujizima kila mtu anapopaza sauti. Waya wa milimita za mraba 6 wenye urefu wa mita 3 huondoa tatizo hilo. Fyuzi iwekwe karibu na betri, si karibu na redio. Paneli za sola ni nzuri mchana, ila vidhibiti vyake vya chaji vingi hutoa mvumo kwenye mawimbi mafupi, hivyo ni busara kuchaji betri moja kando huku nyingine ikitumika. Jenereta ni adui wa masikio na wa usingizi. Ikiwa hapana budi, ikae mbali, upande ambao upepo hauleti moshi wake mahemani.

Oktoba, katika sehemu kubwa ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ni mwezi wa kuanza kwa vuli, na nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kanuni iwe moja na isijadiliwe: ikiwa kati ya mwanga wa radi na mngurumo wake zimepita chini ya sekunde 30, yaani radi iko ndani ya kilomita 10, redio huzimwa, kebo za antena huchomolewa na kuachwa nje ya hema, watu huingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, na hakuna anayerudi kabla ya dakika 30 kupita tangu mngurumo wa mwisho. Hema si kinga. Msimamizi mmoja apewe mamlaka ya kutoa amri hiyo hata kama mazungumzo na kituo adimu yamefika katikati.

Kiti cha mgeni

Nchi za Afrika Mashariki zina wanaridhaa wachache hewani ikilinganishwa na Ulaya, Japani au Marekani, na wako maelfu ya watu duniani wanaokusanya mawasiliano na kila nchi kama wengine wanavyokusanya stempu. Matokeo yake ni kwamba alama inayoanza na 5H au 5Z ikiita kwenye bendi ya mita 20 au 15, na mmoja wa waliosikia akaitangaza kwenye mtandao wa taarifa za wanaridhaa, ndani ya dakika chache hutokea msongamano wa waitaji, wote wakipaza alama zao kwa wakati mmoja kama wachuuzi kwenye mnada wa samaki. Kwa mwendeshaji mzoefu huo ni utamu. Kwa msichana wa miaka 13 anayeshika kipaza sauti mara ya kwanza ni ukuta wa kelele, na asipokingwa ataondoka akiamini kwamba redio si yake.

Kinga ya kwanza ni mpangilio wa hatua. Mgeni aanze kwa redio koli, yaani redio ndogo ya mkononi, ya bendi ya mita 2, ambayo katika eneo letu la dunia ni megahezi 144 hadi 146, akizungumza na mwenzake aliyeko upande wa pili wa uwanja. Hapo hujifunza kwamba kitufe hubonyezwa kwanza ndipo mtu aseme, kwamba anayebonyeza hasikii, na kwamba zamu hukabidhiwa kwa neno. Baadaye ahamie bendi ya mita 40 mchana, ambako klabu imepatana mapema na wanaridhaa wa miji jirani wawepo saa fulani, na mazungumzo yawe kwa Kiswahili. Wasimamizi wasishangae kijana akitaka kumpa shikamoo mzee aliye upande wa pili, wala wasimkatize kwa hoja ya kubana muda; salamu ni sehemu ya mazungumzo, na kuiondoa humfanya mtoto asome maandishi badala ya kuongea.

Kinga ya pili ni kujibu badala ya kuita. Anayeita hewani, kwa mwito wa kimataifa wa CQ unaomaanisha kwamba kituo chochote kinakaribishwa, hufungua mlango kwa kila mtu. Anayezungusha kitufe cha masafa, akatafuta kituo kinachoita na kukijibu, humchagua mwenzake mmoja. Mgeni apewe kazi ya kutafuta, hasa karibu na masafa ambayo maskauti wa dunia hukutania, yaani megahezi 7.090, 14.290, 21.360 na 28.390. Saa za kutafuta zipangwe kwa tabia ya ionosfia: bendi za mita 15 na 10 huamka jua likiwa juu, nazo huwa na nguvu zaidi katika miaka ambayo jua limechangamka ndani ya mzunguko wake wa takribani miaka 11, ilhali bendi ya mita 20 hufaa zaidi asubuhi na kuanzia jioni. Oktoba ni karibu na ikwinoksi, yaani kipindi ambacho mchana na usiku hulingana duniani kote, na katika kipindi hicho njia ya kutoka ikweta kwenda kaskazini kwenye bendi za juu huwa nzuri mara nyingi.

Msongamano ukitokea licha ya tahadhari zote, msimamizi achukue kipaza sauti waziwazi, aeleze sababu, na aendeshe kwa dakika kumi huku vijana wamevaa visikizi na karatasi mkononi, kila mmoja akiandika vipande vya alama anavyovinasa. Herufi mbili au tarakimu moja ni ushindi. Kisha masafa yabadilishwe, kelele ziachwe nyuma, na zamu irudi kwa vijana. Klabu ambayo mzee wake mmoja hukaa kitini mchana kutwa kwa sababu msongamano ni mtamu, vijana wakiwa watazamaji nyuma yake, imeandaa burudani ya mzee huyo tu.

Woga wa kipaza sauti huisha haraka kwa msaada wa kadi ndogo iliyoandikwa mambo manne: alama ya mwito ya kituo, jina la kwanza la mzungumzaji, mahali pa jumla kama vile mkoa au kaunti, na ripoti ya usikivu. Ripoti hiyo hutolewa kwa tarakimu mbili, ya kwanza ikieleza kueleweka kwa sauti kuanzia 1 hadi 5 na ya pili nguvu yake kuanzia 1 hadi 9, na hivyo 59 ni sauti safi yenye nguvu, na 33 ni sauti inayonaswa kwa shida. Vijana wahimizwe kutoa ripoti ya kweli, ingawa wakubwa wengi wamezoea kugawa 59 kwa kila mtu, hata kwa yule waliyemwomba arudie jina lake mara tatu. Jina kamili, jina la shule, namba ya simu na mahali pa kulala havitajwi hewani, maana kila lisemwalo husikika na yeyote mwenye kipokezi. Kwa sababu hiyo hiyo siasa na biashara hubaki nje, na kanuni za kimataifa haziruhusu kuficha maana ya ujumbe kwa msimbo wa siri.

Kuna ugumu mmoja unaowahusu wazungumzaji wa Kiswahili zaidi kuliko wengine. Mtoto aliyezoea kuita irabu a, e, i, o, u kwa sauti za Kiswahili akitaja herufi I kwa Mwingereza, huyo ataandika E, na akitaja E ataandikiwa A. Alama ya mwito itaharibika bila yeyote kujua. Ndiyo maana herufi hutajwa kwa majina yaliyokubaliwa kimataifa, Alfa, Bravo, Charlie, Delta na kuendelea hadi Zulu. Bango lenye orodha hiyo litundikwe mbele ya kila kiti, na vijana washindane kutaja majina yao kwa herufi hizo wakati wa chai.

Vijana wakae wawili wawili, mmoja akizungumza na mwingine akiandika, wakibadilishana kila dakika 20. Msimamizi mwenye leseni akae mahali ambapo mkono wake unafika kwenye swichi, asikilize, na asiseme ila anapoombwa au sheria inapokaribia kuvunjwa. Kunyamaza huko ndiko kazi ngumu kuliko zote za kambi.

Daftari na saa

Kila mawasiliano huandikwa: tarehe, saa, masafa, alama ya kituo kingine, ripoti iliyotolewa na iliyopokewa, jina na mahali. Saa inayotumika na wanaridhaa wote ni saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na hapa kijana wa Kiswahili hukabili mahesabu mawili, kwa kuwa yeye huhesabu saa kuanzia alfajiri. Njia fupi ni hii: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, saa ya Kiswahili ikiongezwa 3 hutoa saa ya dunia moja kwa moja, na hivyo saa tatu asubuhi huwa 06.00 na saa kumi jioni huwa 13.00. Kuanzia saa moja usiku huongezwa 15, na saa mbili usiku ikawa 17.00. Saa tisa usiku jumla hufika 24, na hapo ndipo tarehe ya dunia hubadilika. Kuanzia dakika hiyo, 24 hutolewa kwenye jumla, na saa kumi alfajiri ikawa 01.00. Anayeandika usiku wa manane akumbuke kwamba daftari lake bado liko kwenye tarehe ya jana. Saa moja ya ukutani iliyowekwa kwenye UTC na kuandikwa hivyo kwa herufi kubwa hupunguza makosa, lakini isichukue nafasi ya hesabu hiyo.

Wanaosubiri zamu

Viti ni vichache na vijana ni wengi, kwa hiyo shughuli za pembeni ni za lazima. Iliyo bora ni msako wa kisambazi kilichofichwa, ambapo redio ndogo inayotoa mlio kila baada ya sekunde kadhaa hufichwa kichakani na makundi huisaka kwa antena ya mwelekeo iliyotengenezwa kwa mabomba ya plastiki na vipande vya futi ya chuma ya fundi. Kusikiliza Kituo cha Kimataifa cha Anga kwenye megahezi 145.800 ni shughuli nyingine. Kituo hicho huzunguka dunia kwa takribani dakika 90 kikiwa kilomita 400 hivi juu, hupita juu ya Afrika Mashariki mara kadhaa kwa siku, na kila mpito huchukua dakika kumi hivi tu, hivyo ratiba yake ichapishwe mapema na wote wawe wamesimama tayari. Si kila mpito huwa na sauti, na vijana waambiwe hilo kabla hawajainua antena. Msimbo wa Morse uliacha kuwa sharti la kimataifa la leseni tangu mwaka 2003, lakini ufunguo na kengele ndogo vikiwekwa mezani havikosi foleni.

Baada ya kambi

Antena hushushwa na vijana walioipandisha, waya huviringishwa ukiwa mkavu, na mashimo ya vigingi hufukiwa. Kadi za uthibitisho, ziitwazo QSL, zitumwe kwa kila kituo kilichozungumza na kijana, zikiwa na jina la kwanza la kijana huyo. Kuna jambo moja tu ambalo halipaswi kusubiri wiki ifuatayo: tarehe na mahali pa darasa la kwanza la maandalizi ya mtihani wa leseni litangazwe Jumapili kabla mlingoti haujalazwa, na majina ya wanaotaka yaandikwe hapo hapo. Klabu ambayo haijapanga darasa hilo iahirishe kambi hadi itakapolipanga.